Nyumba kali na watoto wadogo hapa Kigoma: tafuta kwanza ugonjwa uko wapi

Mi nashona mapazia na foronya za makochi hapa Mwanga, kwahiyo naingia sebuleni kwa watu kuchukua vipimo, na kabla hata sijakunjua tepu mama mwenye nyumba kashaanza, "dada we angalia, hawa watoto wameniharibia nyumba." Naangalia. Mara nyingi watoto wamefanya utoto wao tu, kilichoharibu nyumba ni rangi iliyojazwa maji, au kochi jeupe lililonunuliwa kwa kuangalia picha za mtu anaekaa ghorofani Dar, ambae mvua ikinyesha hakuna mtu anaemletea udongo mwekundu mpaka kitandani. Halafu bajeti ikipatikana tena mtu anarudia rangi ileile, kitambaa kilekile, na mtoto anachapwa kwa kosa la duka.

Kwahiyo nakwenda dalili kwa dalili. Nyingi zina kipimo kidogo cha kufanya kwanza, na usikiruke kwa sababu dalili moja inaweza ikawa na sababu tatu na dawa zake hazifanani kabisa.

Ukuta mchafu kuanzia chini mpaka kimo cha mtoto, na ukifuta inakua mbaya zaidi

Hii ndo namba moja, nyumba kumi unazoingia nane zinayo. Kipimo: chukua kitambaa cheupe, kiloweshe, kikamue, halafu sugua sehemu iliyojificha, nyuma ya mlango hivi, kama mara kumi. Angalia kitambaa.

Kikitoka na uchafu tu na rangi imebaki palepale, huna tatizo la rangi, una tatizo la uvivu, samahani lakini ndo hivyo. Sponji, sabuni ya maji kidogo, anza chini kwenda juu ili michirizi isikaukie kwenye sehemu chafu, kausha na kitambaa kingine.

Kikitoka na rangi yenyewe, hapo rangi ni ya maji ya bei ya chini au fundi kazidisha maji. Na fundi akikwambia ndoo moja imetosha nyumba nzima usifurahi, uliza alichanganya maji kiasi gani, maana kipimo kimeandikwa kwenye ndoo na ni kidogo kuliko mnavyodhani. Ukuta wa hivi hausafishiki, kila ukifuta unapunguza.

Kikitoka na unga kama wa chaki, shida iko chini ya rangi, ni chokaa au puti ambayo haikupigwa praima. Hapa hata ununue rangi ya bei gani itang'oka na ule unga. Kwangua unga wote, futa vumbi, piga praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikilia, iache ikauke kabisa, ndo upake.

Dawa ya kudumu kwa nyumba yenye watoto: ukuta wote piga silki, ile rangi ya maji yenye mng'ao kidogo inayofutika, na chini mpaka kama mita moja piga rangi ya mafuta au silki nzito ya rangi iliyokolea. Najua utaniambia hiyo ni zahanati, au ni darasa la shule ya msingi. Inakua zahanati ukiweka bluu ya kung'aa chini na krimu juu. Weka rangi za ukoo mmoja, mfano juu krimu yenye ukahawia kidogo na chini kahawia ya udongo au kijani iliyofifia, isiyong'aa sana, na mstari wa kukutania uwe sawa na ukingo wa chini wa dirisha ili jicho lione kama umepangwa tangu nyumba inajengwa. Mkipenda mnaweka ubao mwembamba wa mninga pale kwenye mstari, mafundi seremala wa hapa wanakuchania na kuupiga randa, ukipigwa vanishi unapendeza hatari.

Hesabu yake sio ya kutisha. Sebule ya mita 4 kwa 3.5 mzunguko wake ni mita 15, kimo mita moja, hiyo ni mita za mraba 15, ukipaka mara mbili ni 30. Lita moja kwenye ukuta laini inakwenda mita za mraba 10 mpaka 12 kwa mkono mmoja, kwahiyo lita tatu, kopo la lita nne linakutosha na cha kuzibia madoa kinabaki. Hicho kinachobaki kiache kwenye kopo lake, usikitie kwenye chupa ya soda. Na mafuta ya taa vilevile, jamani, mtoto anaijua chupa ya soda kwa sura, hasomi kilichomo, atakunywa tu.

Kitu kingine, kama nyumba ni ya zamani na ukuta ulishawahi kupakwa rangi ya mafuta miaka mingi nyuma, usipige msasa mkavu watoto wakiwa ndani. Rangi za zamani zinaweza kua na madini ya risasi na vumbi lake ni sumu kwa ubongo wa mtoto. Lowesha ukuta ndo ukwangue, funga mlango, vumbi lote lizoleni likiwa bichi. Na rangi mpya tafuta kopo lililoandikwa haina risasi.

Kuhusu michoro: mkaa usiguse na maji, utatandaa ukuta mzima, anza na kifutio cha penseli au bonge la mkate mkavu ukigusagusa, sabuni ndo ifuate. Krayoni inatoka na dawa ya meno nyeupe kwenye kitambaa chenye unyevu, sugua kiduara taratibu. Biro jaribu spiriti kwenye pamba, ila kwenye rangi ya maji spiriti inaondoka na rangi, jaribu pembeni kwanza. Na kama una mtoto ambae haachi, mpe sehemu yake, paka rangi ya ubao wa shule kipande cha mita moja chini kule koridoni, mnunulie chaki. Kwa ninavyoona wengi wanahamia huko wenyewe, sio wote.

Rangi inavimba na kubanduka chini ya ukuta, kuna unga mweupe, chumba kinanuka

Hapa mtoto hahusiki hata kidogo ingawa wengi husema "wanamwaga maji". Ni unyevu. Ule unga mweupe ni chumvi inayotoka kwenye tofali na udongo, maji yanapanda nayo halafu yakikauka yanaiacha juu na inasukuma rangi.

Kipimo: kata kipande cha nailoni angavu ukubwa wa kitabu, kibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne bila kuacha upenyo, kiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa ndani, yaani kati ya nailoni na ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakiwa upande wa nje, ni hewa ya chumbani imelowa, madirisha hayafunguliwi, nguo zinaanikwa ndani.

Maji yakitoka ukutani toka nje uangalie. Mara nyingi utakuta udongo umejaa nje mpaka umepita usawa wa sakafu ya ndani, hasa nyumba za mteremkoni, na hapa Kigoma nani hana mteremko. Au bati halina mfereji na mvua inachimba pembeni ya msingi na kurukia ukuta. Au bafu liko upande wa pili na bomba linavuja. Chimbua udongo ushuke chini ya sakafu, piga mfereji wa saruji wa kupeleka maji mbali, rekebisha bomba. Kama msingi ulijengwa bila kutandikwa ile nailoni ya kuzuia unyevu basi hilo ni la fundi ujenzi, sio la mapambo.

Na ndo maana nasema fanya hiki kipimo kabla ya ile rangi ya mafuta niliyokwambia hapo juu. Ukiipaka juu ya ukuta wenye maji unayafungia ndani, msimu mmoja tu imevimba yote. Kazi za rangi fanya kiangazi, Juni mpaka Agosti hivi, ukuta umekauka na mafundi wanaweza kuacha madirisha wazi. Usipange kitanda wala kabati la nguo za mtoto vikagusa ukuta wenye fangasi, acha nafasi ya mkono hewa ipite, hao watoto wanaokohoa usiku mwaka mzima wakati mwingine sababu iko nyuma ya kabati.

Kila kitu kinakua rangi ya chungwa

Karibu Kigoma. Ila kuna chungwa mbili na watu wanazitibu kwa dawa moja, hapo ndo wanaharibu.

Gusa doa na karatasi ya chooni, bonyeza. Karatasi ikipata alama ya mafuta, ni mawese. Ikiwa haina kitu au ina vumbi, ni udongo.

Udongo: uache ukauke. Najua mkono unawasha kuufuta ukiwa mbichi lakini ukiufuta unausukuma ndani ya nyuzi. Ukikauka piga brashi, fyonza au kung'uta nje, kilichobaki sabuni na maji baridi. Usiweke jiki. Ule wekundu ni kutu ya chuma iliyomo kwenye udongo, na jiki haiondoi kutu, wakati mwingine inaikazia kabisa. Ndimu na chumvi inasaidia kwenye kitambaa cheupe cha pamba, suuza vizuri baada ya hapo.

Mawese sasa, maana huyu ndo mwenyewe. Mtoto kala ugali wa muhogo na mboga iliyoungwa mawese, kanawa kwa kujifuta kwenye kochi. Usikimbilie maji. Nyunyizia unga wa muhogo juu ya doa, ulale kama nusu saa unyonye mafuta, piga brashi. Halafu sabuni ya vyombo ya maji moja kwa moja kwenye doa kavu bila kulowesha, sugua na vidole polepole kutoka nje kuja katikati, ndo maji ya uvuguvugu. Suuza. Mafuta yatakua yametoka lakini utaona kivuli cha chungwa kimebaki na utakata tamaa. Usikate, na usipige pasi. Anika juani, jua kali la saa sita. Ile rangi ya mawese ni ya ukoo mmoja na ya karoti na mwanga unaivunja, unaweza ukatoa nguo jioni usijue doa lilikua wapi. Ikibaki rudia kesho.

Tatizo ni kwamba kochi huwezi kulianika, na ndo maana nawaambia wateja wangu: kitambaa cha kochi kiwe cha kuvuliwa. Foronya zenye zipu nyuma, kitambaa kifuliwe kabla hakijakatwa ili kisije kikasinyaa kikagoma kurudi kwenye sponji. Shona jozi mbili, moja ikiwa juani nyingine iko kazini. Kwa mito midogo tumia vitenge, hapa kwetu vya kutoka Kongo, ng'ambo ya ziwa, vipo vya kumwaga, maua makubwa yenye haradali na kahawia na kijani yanameza doa usilione. Kitenge kipya kiloweke peke yake kwanza, suuza mpaka maji yatoke meupe, usikichanganye na krimu yako ukaja kunilaumu.

Na hapa nina neno na wapenda weupe. Nyumba nyeupe tupu na watoto wawili chini ya miaka mitano na uwanja wa udongo, hapana. Chukua rangi za hapahapa, udongo, mninga, ukindu, haradali, weka weupe juu ambako mikono haifiki, darini, kwenye shia (lile pazia jepesi la kuonyesha), kwenye fremu za picha. Sio kujishusha, inapendeza kweli, na saa kumi jioni jua likiwa linaelekea Kongo na likaingia sebuleni hizo rangi zinawaka kuliko kijivu chochote cha mtandaoni.

Leza ya kochi, ile ngozi ya bandia, inabanduka magamba

Sio makucha ya mtoto. Leza nyingi za dukani ni plastiki nyembamba juu ya kitambaa, na jasho, mafuta ya kichwa, unyevu wa hewa na jua la dirishani vinaikausha na kuivunja. Mtoto kakuta limeanza ndo akalichuna. Hakuna gundi wala polishi itakayorudisha, vua vesha kitambaa. Fremu ikiwa ni ya mbao ngumu inastahili gharama hiyo. Bonyeza kona, ikicheza na kulia, achana nalo.

Bomba la pazia limeng'oka, tena

Hii ni ya kwangu nitaisema yote. Mtoto kaning'inia kwenye pazia kama tarzani, sawa, lakini bomba lililofungwa vizuri linahimili mtoto wa miaka miwili kuvuta. Okota kilichoanguka ukisome.

Skurubu ikitoka pamoja na kile kiplastiki cha kuishikilia ukutani na vumbi jingi, tundu lilitobolewa kubwa au limeishia kwenye plasta tu halijafika tofali. Tofali nyingi za kuchoma za huku ni laini, fundi akiweka mashine kwenye mtetemo anachimba shimo badala ya kutoboa tundu, mwambie azime mtetemo. Sogeza kidogo pembeni, tundu jipya la kuingia tofalini sentimita tano au sita, kiplastiki kiingie kwa kugongwa sio kwa kusukumwa na kidole.

Skurubu ikitoka peke yake na kiplastiki kimebaki ukutani, skurubu ni fupi au nyembamba. Hiyo ni ya shilingi chache.

Vishikio viko sawa ila bomba limepinda katikati: dirisha ni pana na hakuna kishikio cha kati. Zaidi ya mita mbili lazima kiwepo.

Vyote vizima ila pazia limechanika juu: pazia linagusa sakafu, mtoto analikanyaga huku anatembea. Lile la kumwagika chini ni zuri kwa wasio na watoto, kwenu liishie sentimita mbili juu ya sakafu, na mwache fundi apinde upindo mnene chini ili mkirefusha baadae muweze. Chumba cha watoto mapana yapunguzwe, badala ya mara mbili na nusu ya dirisha mara moja na nusu inatosha, pazia linakua jepesi. Yale mapazia ya kupandisha kwa kamba msiweke kabisa penye mtoto, kamba inamnyonga kwa dakika chache na hapigi kelele. Na kochi au kitanda kisikae chini ya dirisha, ni ngazi hiyo.

Sebule inaonekana imejaa hata ukiwa umefagia

Kaa chini sakafuni kwenye kimo cha mtoto uangalie. Vitu vyake vinalala wapi? Kama jibu ni juu ya kabati, basi vitalala sakafuni, maana hafiki. Weka tenga au kikapu cha ukindu viwili tu chini, kimoja cha magari ya waya na vifuniko na mpira, kingine cha madaftari, vikijaa kinachozidi kinafichwa na kubadilishwa baada ya wiki kadhaa, ataona vipya. Seremala anaweza kukuchongea benchi la mninga lenye mfuniko, linakaa dirishani kama kiti na tumbo lake linameza kila kitu. Mwambie mfuniko usiwe na komeo, na ukingo wa mbele uchongwe nafasi ya vidole ili usivibane na hewa ipite akijificha humo.

Upande wa wakubwa, toa nusu ya vitambaa vya kufuma. Najua mama mkwe kavifuma. Toa vya meza kwa sababu nyingine kabisa: chupa ya chai imekaa juu ya kitambaa kinachoning'inia, mtoto anaejifunza kusimama anakishika, na chai ya moto inamshukia usoni na kifuani. Meza ya watoto wadogo haina kitambaa, na chupa inakaa katikati au kwenye kabati.

Kabati lenyewe, fungua droo zote mbili za chini halafu vuta kidogo kwa juu. Likiinama kuja kwako linamngoja mtoto apande. Kona mbili za chuma na skurubu, juu nyuma, likamatwe na ukuta, na runinga vilevile. Nusu saa ya fundi. Meza ya kioo ya katikati, kama kioo chake sio kile kinachovunjika punjepunje, ipeleke chumbani kwako mpaka wakue, weka pufu la sponji pale kati.

Chandarua kinaua muonekano wa chumba

Kinachoua muonekano ni lile fundo linaloning'inia mchana kutwa. Kukiondoa sio jibu, utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa 2017 uliikuta Kigoma inaongoza, karibu robo ya watoto chini ya miaka 5 waliopimwa walikua na vimelea. Agiza fremu nyembamba ya chuma au mbao kwenye nguzo nne za kitanda, chandarua cha mstatili kivae fremu kwa vitanzi ndani, asubuhi unakisogeza na kukifunga kwenye nguzo mbili za kichwani kwa kamba ya kitenge kilekile cha foronya. Chumba kinakua kama cha hoteli.

Chumba cha mtoto amekichoka kabla rangi haijakauka

Mliweka katuni. Katuni zinapitwa. Ukuta mmoja wapigieni kitu cha hapa, sokwe wa Gombe, au Liemba yenyewe, meli iliyoundwa Ujerumani 1913 ikaletwa Kigoma vipandevipande na kuunganishwa hapa, mchoraji wa mabango anaichora kwa rangi mbili tatu na mtoto wa miaka tisa bado anaitaka.

Hela haitoshi vyote

Anza na kona za chuma za kabati na kuondoa kitambaa cha meza, hiyo ni leo. Kiangazi malizana na unyevu, halafu rangi. Foronya za kuvuliwa zifuate. Kochi jipya liwe la mwisho kabisa, na kama wa mwisho kuzaliwa bado anakula kwa kutembea na kijiko mkononi, subiri kwanza.